Tusimpe Mwanafunzi Mgeni Jembe Lisilo na Mpini

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaifundisha mwaka baada ya mwaka, na mwanafunzi yeyote aliyesoma Kiswahili ataieleza bila kusita: mgeni akishakaa, na ashiriki kazi za wenyeji. Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo aghalabu hatulifafanui tunapoieleza. Hatusemi jembe lenyewe ni la namna gani. Watoto wa kigeni wanaoingia katika shule zetu tumewapa jembe, hilo halina shaka. Tumewapa dawati, sare na nambari ya usajili. Lakini jembe hilo halina mpini, na baada ya muhula mmoja tunasimama kando ya shamba tukishangaa kwa nini mgeni wetu halimi. Mpini ninaouzungumzia, ndugu msomaji, ni lugha.

Suala hili si la watu wachache. Kufikia mwisho wa mwaka 2024, Kenya ilikuwa imesajili wakimbizi na watafuta hifadhi zaidi ya 800,000. Wengi wao wametoka Somalia na Sudan Kusini, wakifuatwa na waliotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Kambi za Dadaab zilianza kufunguliwa mwaka 1991, Kakuma ikafuata mwaka 1992, na makao ya Kalobeyei yakaanzishwa mwaka 2016. Isitoshe, si wote wanaoishi kambini. Wapo Eastleigh na Kayole, wapo Mombasa na Nakuru, na watoto wao huketi katika madarasa yale yale wanamoketi watoto wetu.

Kwa upande wa sheria, mlango uko wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema kila mtoto wa Kenya, imesema kila mtoto. Mkataba wa kimataifa kuhusu wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Kenya iliukubali mwaka 1966, unataka mtoto mkimbizi apewe elimu ya msingi sawa na mwananchi. Mnamo Desemba 2017, mawaziri wa elimu wa nchi za IGAD walikutana Djibouti wakaafikiana kwamba watoto wakimbizi waingizwe katika mifumo ya elimu ya nchi zinazowapokea. Haya yote ni mema na yanastahili sifa. Lakini kuingia katika darasa ni jambo moja, na kuingia katika somo ni jambo jingine.

Mwaka 2023 nilialikwa katika shule moja ya msingi jijini Nairobi kuzungumza na walimu juu ya ufundishaji wa ngeli. Asubuhi hiyo niliketi nyuma ya darasa wakati mwalimu alipokuwa akiita majina. Akafika penye jina lililoandikwa Xasan. Akasema, "Zasani." Kimya. Akajaribu tena, "Eksasani." Darasa likaangua kicheko. Mvulana aliyeketi karibu nami hakuitika, wala hakukataa kwa ukaidi. Hakusikia jina lake likitajwa. Mwalimu akamwekea alama ya kutokuwepo, naye yupo, hatua tatu kutoka nilipokuwa nimeketi.

Kwa maandishi ya Kisomali, ambayo tangu mwaka 1972 yanatumia herufi za Kirumi kama yetu, "x" husimamia ile "ha" ya kooni inayojulikana na kila aliyesoma Kiarabu, na "c" husimamia "ain". Hivyo basi Hassan huandikwa Xasan, na Abdi huandikwa Cabdi. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mvivu. Hakuna aliyewahi kumwambia. Katika miaka yote ya chuo cha ualimu hakupewa hata saa moja ya kujifunza jinsi ya kusoma majina ya watoto ambao angewafundisha, ilhali Kisomali ni lugha ya Wakenya pia, kuanzia Mandera hadi Garissa.

Katika shule hiyo hiyo nilionyeshwa msichana wa miaka 13 aliyekuwa Gredi ya 2. Alikunja magoti ili yaingie chini ya dawati la watoto wa miaka 7. Nilipouliza sababu, nikaambiwa kwamba alipofika alifanyiwa mtihani na ikaonekana hajui chochote. Nikauliza mtihani ulikuwa katika lugha gani. Ulikuwa katika Kiingereza na Kiswahili. Nikaomba aitwe mwanafunzi wa Gredi ya 6 anayezungumza Kisomali, nami nikaandika ubaoni 252 gawanya kwa 12, nikamwambia mkalimani wetu amweleze dada yake kinachotakiwa. Msichana akaichukua chaki, akagawanya, akaandika 21, akarudi kuketi. Siku hiyo darasa lake lilikuwa likijifunza kujumlisha tarakimu mbili.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Kutojua lugha ya darasa si kutojua. Mtoto anayevuka mpaka haachi akili yake upande wa pili. Amekuja na hesabu, amekuja na jina la mvua na la ugonjwa wa ng'ombe, na huenda amekuja na maandishi ya lugha moja au mbili. Tunapompima kwa lugha asiyoijua, tunachopima ni ugeni wake, kisha matokeo tunayaandika kana kwamba tumempima akili.

Sina budi kukiri kwamba nami nimelitenda kosa hili, na langu lilikuwa baya zaidi kwa sababu nililitenda katika somo ninalolipenda. Mwaka 2004, nikiwa katika mazoezi ya ualimu katika shule moja ya upili, nilikabidhiwa Kidato cha 1 niwafundishe Kiswahili. Miongoni mwao alikuwamo msichana kutoka mashariki mwa Kongo. Niliwapa insha juu ya maisha ya shule. Msichana huyu aliandika kurasa mbili kamili, na sentensi yake ya kwanza ilisema: "Batoto banaenda ku masomo." Nikaisoma kwa sauti mbele ya darasa kama mfano wa makosa. Wenzake walicheka hadi wakashikilia madawati. Nami nilicheka. Tangu siku ile hakuniandikia zaidi ya mistari mitatu, na muhula uliofuata hakurudi. Sijui kama kilichomwondoa ni karo, au kuhama kwa wazazi wake, au kicheko changu. Nimeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka 20.

Miaka kadhaa baadaye, nikisomea shahada ya juu, niliketi maktabani nikisoma maelezo ya Kiswahili cha Kongo, kile ambacho wengi hukiita Kingwana, nikaikuta sarufi ya yule msichana. Kiambishi "ba" kwa wingi wa watu kinapatana na "ba" katika kitenzi, kama vile "wa" yetu inavyopatana na "wa". Neno "ku" hutumika mahali ambapo sisi tungetumia kiambishi tamati "ni". Neno "masomo" hutumika kwa maana ya shule. Kwa kipimo cha lugha yake, sentensi ile haikuwa na kosa hata moja. Tena alikuwa ameandika Kiswahili! Alikuja Nairobi akidhani kwamba angalau lugha moja anayo, nami nikamnyang'anya hiyo pia. Kazi yangu ilikuwa kumwambia: hivi ndivyo mnavyosema kwenu, na hivi ndivyo tunavyoandika katika mtihani wa hapa, tazama jinsi "ba" yako inavyogeuka kuwa "wa". Somo hilo lingechukua dakika 10.

Lipo jambo jingine linalonitia aibu kila mwaka. Vyuo vikuu vyetu hupokea wanafunzi kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kujifunza Kiswahili. Kwa hawa tunavyo vitabu vya wanaoanza, tunazo kanda na picha, na tuna subira ya ajabu. Mmoja wao akisema "kitabu yangu", tunatabasamu, tunamsahihisha kwa upole, na wengine humpigia makofi kwa kuthubutu. Lakini mtoto wa Kinuer akisema "kitabu yangu" katika shule ya mtaani, anachekwa na kukatwa alama, na pengine anarudishwa gredi mbili nyuma. Kosa ni lile lile, ngeli ni ile ile ya KI-VI. Tofauti ni nauli aliyolipa mgeni kuja kwetu. Basi isisemwe kwamba hatujui kumfundisha Kiswahili mtu asiyekijua. Tunajua sana. Tumekuwa tukiwapa ujuzi huo wale wasiouhitaji ili waishi, na kuwanyima wanaouhitaji.

Wataalamu wa taaluma yangu wamelichunguza suala hili kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1953, UNESCO ilitoa ripoti iliyosisitiza kwamba mtoto huelewa upesi zaidi anapoanza kufundishwa kwa lugha yake. Mwaka 1979 Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alitofautisha lugha ya mazungumzo ya kila siku na lugha ya masomo. Kutokana na uchunguzi aliouchapisha mwaka 1981 juu ya watoto wa wahamiaji nchini humo, alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo mtoto huipata kwa muda wa miaka kama 2, ilhali lugha ya masomo huweza kumchukua miaka 5 hadi 7 kabla ya kuwafikia wenzake.

Ni muhimu walimu walielewe jambo hili, kwa kuwa ndilo linalotupotosha mara nyingi. Mtoto mgeni akikaa kwetu mwaka mmoja, utamsikia uwanjani akisema "nipe mpira", "twende", "wacha bana", na pengine Sheng' ataizungumza kuliko mwalimu. Nasi tunasema, huyu sasa anajua lugha. Kisha anafeli mtihani, nasi tunasema ni mzembe. Hatukumbuki kwamba uwanjani hakuna anayesema "fafanua", "linganisha", "kadiria" wala "bainisha", na kwamba maneno hayo hayaokotwi njiani, hufundishwa. Wenyeji wenyewe huyapata kwa taabu, sembuse mgeni.

Waamerika walilipeleka swali hili mahakamani. Katika jiji la San Francisco, wanafunzi wapatao 1,800 wenye asili ya Kichina waliokuwa hawajui Kiingereza waliketishwa katika madarasa ya kawaida bila msaada wowote wa lugha. Wakuu wa elimu walijitetea kwamba watoto wote walipewa vitabu sawa na walimu sawa. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliukataa utetezi huo. Iliamua kwamba kumpa mtoto kitabu sawa na cha mwenzake katika lugha asiyoielewa si kumtendea sawa. Hatuhitaji kungoja kesi ya namna hiyo hapa petu ndipo tuyaone haya.

Mtaala wetu wenyewe unaukubali msingi huu. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba lugha ya eneo itumike katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi, na mtaala wa umilisi, uliosambazwa kote nchini mwaka 2019, umeendeleza wazo hilo. Kasoro iliyopo ni kwamba mpango huu unamfikiria mtoto anayeanza shule akiwa na miaka 6. Haumfikirii mtoto anayewasili Machi akiwa na miaka 12, akitokea shule ya Kifaransa mjini Bujumbura au akitokea kijiji ambacho shule yake ilichomwa. Mtoto huyo anafika lugha ya kwanza ikiwa imeshafungiwa nje, na Kiingereza kikiwa ndicho lugha ya kila somo isipokuwa Kiswahili.

Je, tufanye nini? Nitaanza na mwalimu, kwa maana baadhi ya mambo haya yanaweza kufanywa kesho asubuhi bila kungoja waraka wa wizara.

Kwanza, mjue mtoto kwa jina lake. Muulize yeye au mzazi wake jinsi linavyotamkwa, uliandike pembeni mwa rejesta kwa namna utakayoikumbuka. Pili, kabla ya kumpangia gredi, tafuta mtu wa kumpima kwa lugha anayoijua. Kama hakuna, mpe hesabu za tarakimu tupu, mpe ramani, mpe mche wa mmea aeleze kwa kuchora. Na umri wake uheshimiwe. Kumketisha kijana wa miaka 14 na watoto wa miaka 7 ni kumwonyesha njia ya kutokea.

Tatu, kila mwalimu ajihesabu kuwa mwalimu wa lugha. Mwalimu wa sayansi aandike ubaoni maneno matano au sita ya somo la siku, aweke mchoro kando ya kila neno, ayatamke, na wanafunzi wayarudie. Hili halitamfaa mgeni peke yake. Mtoto wa Kiturkana na wa Kimijikenda watamshukuru vilevile. Nne, anaposahihisha hesabu au sayansi, atenge kosa la lugha na kosa la somo. Mtoto akiandika kwa sentensi iliyopinda kwamba maji huwa mvuke yakipata joto, amejua sayansi. Sentensi inyooshwe, lakini alama apewe.

Tano, aketishwe karibu na mwenzake anayejua lugha yake, waulizane wasipoelewa. Wapo walimu wanaoliona jambo hili kuwa utovu wa nidhamu. Tumesahau haraka mno. Wazee wetu walivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama katika uwanja wa shule, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuaga mwaka 2025, aliieleza fedheha hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya ukombozi wa fikra. Haitupendezi sisi wajukuu wa waliovishwa kibao hicho kukiokota na kumvisha mgeni.

Kwa upande wa serikali, nina mapendekezo matatu. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini, KICD, iandae kitabu cha Kiswahili cha wanaoanza kwa watoto wa umri wa miaka 10 hadi 16. Vitabu vya Gredi ya 1 haviwafai, kwani mtu aliyevuka mto usiku akimbeba mdogo wake hawezi kufundishwa kwa hadithi ya paka na panya. Pili, wanaowasili wapewe muhula mmoja au miwili ya mafunzo ya lugha kwa saa kadhaa kila siku, na saa zilizobaki wachanganyike na wenzao katika hesabu, michezo na muziki. Nasema wachanganyike, kwa sababu darasa la wageni watupu likiachwa lidumu hugeuka kuwa boma.

Tatu, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, itumie hazina tuliyo nayo. Mipaka yetu ilichorwa na wakoloni bila kuziuliza lugha. Kisomali kipo pande zote mbili, na Kioromo kinazungumzwa na Waborana wetu. Waturkana na Watoposa wa Sudan Kusini husikilizana. Tunao walimu waliohitimu wanaozungumza lugha hizi. Hata mwalimu mmoja kati ya kila shule chache, mwenye jukumu la kuwapima wanaowasili na kuwashauri walimu wenzake, angeleta tofauti kubwa. Na vyuo vya ualimu vimfundishe kila mwalimu, walau kwa muhula mmoja, jinsi ya kufundisha darasa lenye lugha nyingi. Darasa la namna hiyo si jambo geni nchini. Ndilo darasa la Kenya.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza watasema kwamba watoto wetu wenyewe hawana vitabu vya kutosha, na si haki kuanza kuwashughulikia wageni. Hoja hii siidharau. Ukienda Turkana Magharibi utamwona mtoto wa mwenyeji akiwa na njaa karibu na lango la kambi. Lakini mengi niliyoyataja hayamnyang'anyi mwenyeji kitu. Maneno sita ubaoni ni ya wote. Mwalimu anayejua kupima akili bila kupotoshwa na lugha atamfaa pia mtoto wa Marsabit aliyehamia Machakos.

Wa pili watasema kwamba mtoto akiachwa atumie lugha yake atachelewa kujifunza yetu. Utafiti umeonyesha kinyume. Aliyejifunza kusoma katika lugha moja hahitaji kujifunza upya maana ya kusoma, anahamisha alichonacho. Anayeijua dhana ya sehemu katika Kirundi anahitaji neno tu. Asiyeijua katika lugha yoyote anahitaji neno na dhana kwa pamoja, na mzigo huo ni mkubwa.

Wa tatu watasema kwamba hawa ni wapitaji, kesho watarudi kwao. Tuitazame Dadaab. Tangu 1991 zimepita zaidi ya miaka 30, na waliozaliwa mle wamekuwa wazazi. Hata wakirudi makwao, ni afadhali jirani arudi akiwa amesoma na anakijua Kiswahili, lugha ambayo Umoja wa Afrika uliikubali mwaka 2022 kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi. Hatuwezi kujivunia kwamba Kiswahili kinaenea barani na huku tunamcheka mtoto anayejaribu kukitamka kando yetu.

Nawe mwanafunzi unayeyasoma haya, usidhani kwamba ni mambo ya walimu na mawaziri. Mgeni ni kuku mweupe; kila jicho humwona, na kila kosa lake huonekana toka mbali. Wewe ndiwe utakayeketi naye siku nzima. Msaidie kutamka, lakini nawe mwombe akufundishe. Kama ngeli zinakuchosha, muulize mwenzako wa Burundi kitabu ni nini kwao. Atakwambia "igitabu", na vingi ni "ibitabu". Mtu ni "umuntu", na watu ni "abantu". Utaona kwamba ngeli hazikubuniwa na mwalimu wako ili kukutesa. Zimo katika lugha kuanzia kwako hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika na kuendelea mbele. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumaanisha chakula peke yake.

Tena tukumbuke Kiswahili chenyewe kilivyokua. Tazama vilivyomo darasani. Kalamu, daftari na darasa ni maneno yaliyotoka kwa Waarabu. Meza tuliletewa na Wareno. Penseli ni ya Mwingereza. Hata neno shule ni mgeni. Lilitoka kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika. Lugha yetu iliwapokea wageni hao wote, ikawapangia ngeli, ikawafundisha kupatana na wenyeji, na leo hakuna anayewauliza walikotoka. Ikiwa maneno yalipokewa hivyo, watoto hawawezi kustahili machache zaidi.

Yule msichana wa Kongo, kama yu hai, sasa amekaribia miaka 40. Huenda ana watoto, na huenda mmoja wao yumo katika darasa la mwalimu fulani anayeyasoma makala haya. Siwezi tena kumrudishia kurasa zake mbili. Ninalomwomba mwalimu huyo ni kwamba mtoto huyo akiandika "batoto", asiisome sentensi yake kwa darasa zima. Amwite kando, amwonyeshe "watoto", na amwambie aendelee kuandika.